Mama Vilio Ateremka Voi

Watu wa kwetu Werugha wakiniona nimevaa viatu vizuri siku ambayo si Jumapili, huuliza nani amekufa. Hawasemi "habari ya asubuhi", hawasemi "umeamkaje". Wananiangalia miguu, wanashika kifua, wanauliza, "Ni nani, Mama?"

Jina langu ni Everlyne Wakesho, mwalimu wa kwaya, lakini hilo ni la kitambulisho. Wengine wote huniita Mama Vilio. Kwetu mtu hafukiwi hivi hivi kama viazi. Lazima aimbwe. Familia inaniita, ninakaa nao sebuleni, naletewa chai, nauliza maswali yangu: alikuwa anapenda nini, alikuwa anagombana na nani, alikuwa anachekeshwa na nini. Chai ikiisha, wimbo uko tayari. Jioni kwaya wameushika, na siku ya mazishi hata yule aliyekuja kwa sababu ya wali analia. Kwa hivyo huku milimani ukisikia jina la jirani yako ndani ya wimbo wangu, usingoje tangazo la chifu. Beba kuni uende kwao.

Sasa binti yangu Abby alikuwa anaolewa. Ni mtoto wangu wa pekee, na baba yake alitangulia zamani. Alinikuta jikoni namenya mihogo, akasema, "Mum, nataka uniimbie wimbo wa kuingia kanisani. Wako, sio wa kutoa kwa simu."

"Tena utaingia na wimbo hawajawahi kuusikia," nikamwambia. Kisu hakikusimama hata kidogo. Mimi ni nani nishindwe na wimbo wa harusi? Watu wanaimba harusi wakiwa walevi!

Nikashindwa.

Nilikaa na ule wimbo wiki baada ya wiki. Nikianza na vigelegele, mstari wa pili unalegea. Nikiweka makofi, makofi yenyewe yanapoa. Siku moja nikajikaza, nikamwimbia Abby kwenye simu. Nikamaliza beti zote.

"Mum," akasema, "hapo nimeolewa ama nimekufa?"

Nilimkatia simu. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Harusi ilipokaribia, akanipigia tena kutoka Voi, huko anakofanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Akaniambia nishuke kwake wikendi. Kulikuwa na tamasha la muziki na utamaduni uwanjani, ngoma za kila kabila, bendi, vijana wa kurap, kila kitu. "Unakaa na matanga sana, Mum. Kuja usikie watu wako hai. Kichwa kitafunguka."

Basi nikashuka. Voi ile Jumamosi ilikuwa na joto la kukaushia nguo ukiwa umezivaa. Vumbi jekundu liliniingia mpaka kwenye meno. Na kabla sijamaliza maji ya kwanza, Abby akanitolea siri yake huku akitabasamu vile baba yake alikuwa anatabasamu akitaka nisigombe.

"Nimekuandikisha kwa programu. Kesho baada ya kanisa unaimba wimbo wangu pale jukwaani. Na redio itakuwa inarusha laivu. Nimeambia kwaya yote huko nyumbani wasikilize, ndio Jumatatu waanze mazoezi."

"Abby! Wimbo gani? Wimbo hauko!"

"Ndio maana nimekuandikisha. Mum, nakujua. Usipofungiwa, hutafanya. Na kama kesho hautakuwa tayari, hakuna ubaya, nitaambia DJ aweke ule wa kila mtu."

Alisema "hakuna ubaya" kwa upole sana, na huo upole ndio ulionichoma. Mtoto alikuwa ameshajiandaa kunisamehe. Mama mzima, mwalimu wa kwaya, umeimbia maiti wa tarafa nzima, halafu wako mmoja aingie kanisani na wimbo wa DJ! Nilitamani kurudi Werugha kwa miguu. Lakini ningerudi niseme nini? Redio ilikuwa imeshaambiwa.

Tukaenda uwanjani. Nitasema ukweli, tamasha lilikuwa zuri. Kulikuwa na ngoma za mwazindika, zile ndefu ambazo nyanya zetu walizichezea na kanisa likatukataza, na wazee walizipiga mpaka ardhi ikanijibu kwenye nyayo. Kulikuwa na watu wa Taveta na nyimbo zao, na wauza kimanga cha mihogo na maharagwe, na kina mama wa vikapu. Nilisimama mbele kabisa nikangoja kichwa kifunguke.

Wachezaji wa Kikamba wakaingia na filimbi. Wakaruka, wakapinduka hewani, watu wakapiga kelele. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta nawaza vile mama zao watakavyolia siku mmoja akitua vibaya, na hapo hapo sauti ya pili na ya tatu zikajipanga kichwani. Kijana akarap kuhusu mapenzi, nikasikia matanga. Bendi ikapiga gitaa la kuchezesha kiuno, kiuno changu kikatikisika, lakini maneno yaliyokuja yalikuwa "pumzika, pumzika". Nilitaka kujizaba kofi.

Ndipo Mzee Obadiah aliponipata.

Huyu Obadiah Mwakio ni wa kule Mbale, ng'ambo ya mlima wetu. Alikuwa mtu wa reli zamani, wa bendera na taa pale stesheni ya Voi, na mpaka leo anavaa koti la reli kwenye jua lolote lile. Akaja amebeba soda yake.

"Mwalimu, nakutafuta tangu asubuhi. Nataka wimbo wangu."

"Wimbo gani, Mzee?"

"Wa mazishi yangu."

Nikamwangalia kutoka kofia hadi viatu. Alikuwa mzima kabisa, tena amenenepa.

"Wewe si uko hai!"

"Si ndio maana nautaka sasa? Nikifa nitausikia na masikio gani?" Akasogea karibu. "Mwalimu, ulimwimba rafiki yangu Mwadime mpaka nikalia. Watu walidhani ni uchungu. Ulikuwa wivu! Mwadime hakuwahi kusikia hata neno moja la yale. Mimi sitaki kupunjwa hivyo."

Nikamwambia aende zake, nina kazi. Akanifuata. Nikaenda kununua kimanga, akasimama nyuma yangu kwenye foleni akiniambia alivyozaliwa. Nikaenda chooni, nikatoka, yuko nje, amefika mwaka alioandikwa kazi. Nikamuuliza kama mkewe anajua alipo. Akasema Priscilla anajua amekuja Voi kupimwa macho.

"Na macho umepima?"

"Yanaona. Nimekuona wewe."

Jua lilipozidi nikashindwa. Nikaketi kwenye kivuli cha hema, nikamwambia, "Nikikuimbia, utaenda nyumbani?" Akaapa. Basi nikaanza kazi vile ninavyoijua.

"Ulikuwa unapenda nini?"

"Bado napenda."

"Mzee, nyamaza. Mimi nafanya kazi hivi. Ulikuwa unapenda nini?"

Akavua kofia, akajiweka vizuri, akaanza kujisimulia kama marehemu. Alikuwa anapenda dakika ile treni imeshapita na kelele imekwisha, kabla watu hawajaanza kuongea tena. Alikuwa anagombana na mkewe juu ya chumvi. Alikuwa anachekeshwa na abiria wanaokimbilia treni ambayo haiendi kwao. Na wimbo ukaja! Ukaja wote, beti na kiitikio na mahali pa besi kuingia, kabla hajamaliza soda.

*Obadiah wa Mwakio, bendera imeshuka,*
*treni yako imepita, ametuacha, ametuacha.*

Nikamwimbia polepole sikioni. Machozi yakamtiririka hadi kwenye kola. Akanishika mkono, akasema asante, asante, sasa hata iwe kesho. Na mimi nikachukia. Nilimchukia yeye na wimbo wake na kipaji changu chote. Mzee wa watu ambaye si chochote kwangu nimempa wimbo kwa muda wa soda, na mtoto niliyemzaa simpi hata mstari. Nilihisi nimefungiwa ndani ya nyumba yenye mlango mmoja, na kila nikiufungua natokea makaburini.

Jioni Abby alipika, tukala. Mchumba wake Ben alikuwa amepita na mkungu wa ndizi kutoka kwao Mboghoni, Taveta, akaniamkia kwa heshima, akarekebisha bomba la jikoni, akaenda. Ubaya wa Ben ni kwamba hana ubaya. Nimemtafutia kasoro tangu aje kujitambulisha, nikapata kwamba anakunywa chai kwa sauti. Mwenye makosa ni mama yake, Mumbe. Siku ya kutambulishana huyo mama alimkumbatia Abby mbele yangu akasema, "Huyu sasa ni wetu." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Lakini neno hilo lilinikwama hapa kooni na halijawahi kushuka. Kila wiki alikuwa ananipigia simu, na kila wiki namjibu "nzuri, tuko salama, Mungu akubariki", nakata.

"Mum," Abby akasema akikusanya sahani, "hutaki niolewe?"

"Nani amesema?"

"Wimbo ndio unasema."

"Wimbo unakataa kwa sababu ya joto lenu hili," nikamjibu, nikaingia kulala na hasira. Sikulala vizuri. Nilikuwa nataka aolewe. Nilikuwa nataka pia asiende. Nilikuwa nayataka yote mawili kwa nguvu moja, na katikati hapakuwa na hata sentimita ya kupitisha wimbo.

Jumapili ikafika, na baada ya kanisa tukarudi uwanjani. Nani nikamwona kwenye kiti cha mbele? Obadiah, na koti lake. Alikuwa amelala kwa mpwa wake pale Voi. Nikamuuliza kiapo chake kimeenda wapi. Akasema hawezi kurudi kabla hajasikia wimbo wa harusi, na simu imeisha chaji toka jana, na Priscilla hana wasiwasi, anajua madaktari wa macho wana foleni.

Emsii alikuwa Donald, kijana wa kwetu kabisa, niliyemfundisha sauti ya tatu akiwa bado anavuta kamasi. Akashika maiki. "Sasa wasikilizaji wetu kule milimani, najua mko karibu na redio, mama yetu, mwalimu wetu, na wimbo wake mpya kabisa!" Uwanja ukapiga makofi. Abby alikuwa amesimama pembeni ya spika na gauni la njano, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayeomba. Nikapanda.

Kama umewahi kusimama mbele ya watu wote wanakungoja na kichwani hamna kitu, utanielewa. Kama hujawahi, shukuru. Nilishika maiki ikapiga mluzi. Nikajaribu mstari wangu wa kwanza wa harusi, ukakauka kabla haujafika mdomoni. Nikamwangalia Abby. Akatikisa kichwa polepole, kunionyesha nisijali, nishuke tu. Nisijali! Kushuka ilikuwa ni kusema mbele ya dunia nzima kwamba sina wimbo wa mwanangu. Na kushuka sikuweza. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kimoja tu kilichokuwa ndani.

*Obadiah wa Mwakio, bendera imeshuka...*

Niliimba wote. Siwezi kujitetea. Sauti ikishaanza mimi sina breki. Niliimba treni, nikaimba chumvi, nikaimba "ametuacha, ametuacha", mpaka wauza maji wakasimama. Obadiah mwenyewe kwenye kiti cha mbele alikuwa analia kwa raha na kupiga mapigo kwa kiatu. Nilipomaliza watu wakasimama kunishangilia. Mimi nilikuwa namtazama Abby, ambaye alikuwa amegeuka, anafuta macho kwa kiganja.

Nikashuka. "Abby mwanangu..."

"Ni sawa, Mum. Nitaongea na DJ."

Hapo simu yangu ikalia. Halafu yake ikalia. Halafu ya Donald, juu jukwaani. Ya kwangu ilikuwa ya mweka hazina wa kwaya, Carolyne, anahema. "Mama, tumesikia! Maskini Mzee Obadiah! Amefia hospitali gani?"

Kwaya yote, na kanisa lote, na Mbale yote walikuwa wamekaa karibu na redio kwa sababu Abby aliwaambia wasikilize. Wamemsikia Mama Vilio anamwimba Obadiah. Nani kwetu angengoja maelezo zaidi?

"Carolyne, sikiliza, mzee yuko hapa, yuko hai..."

"Mama, usijaribu kutupoza. Majirani wameshafika kwake, sisi tuko njiani. Kina mama wanachota maji, vijana wanaleta hema. Priscilla ameanguka mara mbili."

Nikamwendea Obadiah nikamshika kola ya koti. "Panda gari. Sasa hivi! Mkeo anakulilia!" Uso wake ukabadilika, akashika kofia yake, akatangulia mbele yangu.

Ben, aliyekuwa amekuja kusikiliza, ndiye aliyetupeleka, na pikapu yake ya kubebea nyanya. Obadiah mbele, mimi na Abby tumembana. Tulijaribu kupiga simu njia nzima, lakini kila aliyepokea alikuwa analia hasikii, na baada ya Mwatate kwenye zile kona mtandao ukapotea. Obadiah alikuwa anasema peke yake, "Nilitaka tu kusikia. Nilitaka tu kusikia." Nilitaka kumtukana. Lakini ningemtukanaje na sauti iliyomuua ni yangu?

Tukafika Mbale jua bado liko juu ya mlima. Ua wake ulikuwa umejaa. Hema lilikuwa limeshasimama upande mmoja, sufuria ziko motoni, na wanawake walikuwa wamekaa chini wakiimba. Walikuwa wanaimba nini? Wimbo wangu, walioushika redioni mara moja tu. "Ametuacha, ametuacha."

Ben akasimamisha gari getini. Obadiah akashuka.

Wa kwanza kumwona akapiga ukemi akakimbia. Wengine wakarudi nyuma mpaka hema likayumba. Kisha Priscilla akainuka kutoka kwenye mkeka. Ni mama mfupi, kilemba kilikuwa kimemtoka. Akaja polepole mpaka getini, akamgusa uso, akamgusa masikio, akashika vifungo vya lile koti kimoja kimoja.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado," Obadiah akasema.

"Kuna chakula kingi. Ingia."

Ua ukalipuka! Vigelegele ambavyo sijasikia kwenye harusi yoyote. Mama mmoja mzee akanyakua kifuniko cha sufuria akaanza kukigonga na mwiko, na wale wale waliokuwa wamekaa chini wakainuka na ule ule wimbo wangu, wakautia miguu, wakaukimbiza, wakatupa "ametuacha" wakaweka "amefika". Wakamzunguka mzee, wakamsukuma ndani wakicheza, wakimtukana na kumbusu. Mimi nilibaki getini na aibu yangu, nikitazama. Miaka yote hiyo nimeimba, lakini sijawahi kuona mtu niliyemwimba akiingia mlangoni.

Abby akanishika mkono, macho yanamng'aa. "Mum! Huu ndio! Hebu sikia! Nitaingia na huu!"

"Wacha!" nikamwambia. "Huo ni wa Obadiah. Mwanangu haingii kanisani na makombo ya marehemu."

"Lakini Mum..."

"Nimesema hapana, Abby."

Akaachilia mkono wangu. Na hapo simu ikalia tena mfukoni. Ilikuwa ni Mumbe. Kwa kweli sikutaka kuipokea, lakini Ben alikuwa amesimama hapo hapo, ameona jina la mama yake.

"Mama Abby, poleni," Mumbe akasema. Sauti yake ni nzito, na Kiswahili chake ni kile cha Wakamba, hakina haraka. "Tumesikia redioni hata huku Mboghoni. Poleni sana na msiba. Alikuwa ndugu yenu?"

"Hakuna msiba, Mama Ben. Yuko hai. Anakula."

"Ai! Asante Yesu. Basi uko salama?"

Hapo ndipo mimi husema nzuri, tuko salama, Mungu akubariki, nakata. Nikatazama ndani ya ua. Priscilla alikuwa anamwekea mumewe wali wa matanga yake mwenyewe. Waliompokea ndio waliojua waimbe nini. Mimi nilikuwa najua mlango anaotokea Abby, najua kila ufa wake, na ndio huo nilikuwa nauimba. Ule anaouingia sikuwahi hata kuuliza una rangi gani. Sikutaka kujua.

"Mama Ben," nikasema, "nikuulize kitu. Abby akija huko kwenu, anakujaje?"

"Anakujaje?" Akacheka kidogo. "Kwani hujui? Huyo unamsikia kabla hujamwona. Akishuka kwa bodaboda kule kwa mfereji, kabla hata hajafika getini, anapaza sauti, 'Mama, nimerudi!' Mpaka ng'ombe wanainua vichwa. Mimi mwanzoni nilidhani ni mzaha. Wageni wote hupiga hodi. Huyo hapigi hodi, Mama Abby. Tangu siku ya kwanza hajawahi kupiga hodi."

Nikakumbuka. Siku ya Pasaka nilikuwa ndani Werugha nakunja nguo, nikasikia mtu mlangoni, "Hodi, hodi!" Nikasema karibu, nikidhani ni jirani. Akaingia mwanangu, na mkoba, akaketi pale wanapoketi wageni. Nilicheka siku ile. Nilidhani anafanya mchezo.

Niliumia. Sitaficha, niliumia mpaka nikashika mti wa lile geti. Hakuwa anaenda. Alikuwa ameshaenda, kitambo, kwa furaha, na mimi ndiye niliyekuwa bado nimesimama mlangoni nimeshikilia nguo ya mtu ambaye hayuko ndani.

"Mama Abby? Uko?"

"Niko. Ngoja, usikate."

Kwa maana wimbo ulikuwa unakuja. Haukuja kama wa Obadiah, ule uliteremka wenyewe. Huu ulipanda, na ulipanda kwa makeke, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka kando ya mfereji, na kila nilipongoja ulegee ukakataa kulegea. Abby alikuwa amegeuka ananiangalia. Nikaweka simu kwenye spika, nikaimba pale pale getini, katikati ya kelele za watu wa Obadiah, na machozi yananitoka wala siyafuti:

*Sipigi hodi, mama, sipigi hodi,*
*ninayoijua njia sipigi hodi...*

Abby akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikarudia, mguu wangu ukipiga chini wenyewe, na nikafika mahali pa kiitikio nikanyamaza. Kiitikio nilikuwa nacho. Lakini hakikuwa cha kuimbwa na mimi.

"Mama Ben," nikasema, "hapo ni pako. Mwitikie."

Upande wa pili nilisikia ng'ombe, nikasikia maji, nikasikia yule mama akikohoa kusafisha koo. Kisha akaimba, sauti nzito, akiwa amekosea noti kidogo: "Karibu nyumbani." Na Abby, hapo kando yangu, akaitika, "Mama, nimerudi!" kabla sijamfundisha.